Duka la kuandika majina kwa kaligrafia Istanbul: nyota nne

Nilienda kuandikisha jina Murat kwa herufi za Kiarabu, zawadi ya mtoto wa rafiki yetu wa Kituruki, duka dogo tu karibu na Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale lenye paa. Kazi safi jamani, wino mweusi umekolea na mkia wa ile herufi ra (r) umeshuka taratibu mpaka unapendeza kuutazama, ila fundi kijana alianza kwa kumalizia na ta (t) kama linavyoandikwa Kituruki sasa hivi! Jina ni la Kiarabu, murad, mwisho ni dal (d), Waturuki ndo wanaliishia na t tangu wahamie herufi za Kilatini 1928, na hata hivyo wakiongeza silabi inayoanza na irabu, d inarudi mdomoni, "Murat'ın" wanatamka Muradın. Mzee wake akaona, akachana karatasi akaandika upya bila kuongeza hela, hapo nilimheshimu sana.

Maana yake ni kile unachokitaka moyoni, kama muradi yetu kabisa, kwa hiyo linafaa mtoto aliyesubiriwa sana. Masultani watano wa Kiosmani waliitwa hivyo.

Fremu zao nyepesi mno, nunua kwingine.