Doorstop: programu ndogo ya mahitaji ya mradi inayotambua kilichobadilika

Katika mradi mmoja wa mfumo wa kusimamia akiba ya dawa, mteja alitaka mfumo uonye siku 30 kabla ya dawa kuisha muda wake, kisha katikati ya kazi akaomba ziwe siku 90. Tuliandika badiliko hilo kwenye jedwali la Excel, lakini hakuna aliyegusa msimbo wala jaribio linaloukagua, na jaribio la siku 30 likaendelea kufaulu mpaka siku ya makabidhiano. Tangu hapo, swali la kwanza ninalojiuliza kuhusu programu yoyote ya kusimamia mahitaji, yaani mambo ambayo mfumo unatakiwa kuyafanya, ni kama itaniambia, bila kuombwa na mtu mwenye kumbukumbu nzuri, kwamba hitaji limebadilika na jaribio lake bado ni la zamani.

Doorstop inalijibu swali hilo vizuri sana. Ni programu huria isiyo na ada, iliyoandikwa kwa Python, na ndani yake kila hitaji ni faili dogo la maandishi lenye namba yake, linalohifadhiwa pamoja na msimbo katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Jaribio nalo lina faili lake, lililounganishwa na hitaji husika. Hitaji linapopitiwa na kukubaliwa, programu huweka alama inayotokana na maandishi yake; neno moja likibadilishwa baadaye, hata tarakimu tu kama ile ya siku zetu 30, alama hailingani tena, na amri ya ukaguzi inatoa onyo kwamba hitaji halijapitiwa na kwamba kiungo cha jaribio kinatiliwa shaka. Onyo hilo hubaki hadi mtu athibitishe kwamba amekipitia kiungo. Historia ya nani alibadilisha nini, na lini, inapatikana katika Git.

DOORS, programu kubwa ya kibiashara ya kusimamia mahitaji iliyoingia mikononi mwa IBM ilipoinunua kampuni ya Telelogic mwaka 2008, ina uwezo kama huo na mwingine mwingi zaidi, na kwa anayetengeneza breki za gari au vifaa vya ndege sioni sababu ya kuikwepa. Kwa timu ya watu sita ni mzigo. Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, ninaiheshimu kwa kugawa kazi, lakini tiketi (rekodi ya kazi moja) hufungwa kazi inapokwisha, ilhali hitaji linaendelea kuwa hai muda wote mfumo unapotumika.

Udhaifu mkubwa wa Doorstop ni kwamba inamtazamia kila mtu awe mwanaprogramu. Mfamasia anayejua kwa nini siku 90 zinahitajika hatafungua Git, wala hapaswi kulazimishwa. Inaweza kutoa kurasa za HTML za kusomwa, pamoja na faili la Excel linaloweza kuhaririwa na kurudishwa, na njia hiyo tumeitumia kila wiki bila kupoteza kitu, ingawa lazima awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kuingiza mabadiliko. Kero nyingine ni namba: watu wawili wakiongeza mahitaji kwa wakati mmoja katika matawi tofauti ya Git (nakala sambamba za kazi), wanaweza kupata namba ileile na kugongana wakati wa kuyaunganisha. Sisi tulikubaliana kwamba mahitaji mapya yaingizwe na mchambuzi wetu peke yake, moja kwa moja kwenye tawi kuu.