ThinkPad T480 ya mtumba: kwa milioni na kidogo sioni ya kuishinda

Mie nafanya kazi ya kutaipu na kuprinti hapa Arua, Uganda, na watu wakishaona nachotumia swali ni lilelile, eti laptopu nzuri ni ya kampuni gani, HP, Dell au Lenovo? Na jibu langu haliridhishi watu lakini ndo la kweli: zote tatu zinatengeneza mashine za nguvu na zote tatu zinatengeneza za kubangaiza, kwa hiyo ukitaja jina la kampuni tu bado hujauliza kitu. HP ina EliteBook na ProBook za maofisi, halafu ina zile HP 15 na Stream za bei ya chini. Dell ina Latitude, alafu ina Inspiron. Lenovo ina ThinkPad, hiyo waliichukua kutoka IBM mwaka 2005, na ina IdeaPad pia. Jina kwenye kifuniko moja, ila hao ni watoto wa baba mmoja mama tofauti.

Sasa tuseme una shilingi za Uganda milioni moja, milioni na laki mbili hivi. Hiyo sio hela ndogo kwa mtu wa huku, ni ada ya mtoto hiyo, kwa hiyo lazima ununue kitu kitakachokaa. Ukiingia dukani na hela hiyo utaonyeshwa laptopu mpya kabisa, bado iko na nailoni, inanukia upya, na ukiangalia karatasi yake unakuta prosesa ya Celeron (zile dhaifu za Intel), RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, 4GB, na storeji ya kuwekea mafaili aina ya eMMC ya 64GB ambayo imechomelewa kwenye bodi. Jamani muziache hizo. Windows 11 yenyewe, kwa maneno ya Microsoft, kiwango cha chini kabisa inachotaka ni RAM 4GB na storeji 64GB, yaani mashine imetoka kiwandani imesimama kwenye mstari wa mwisho na haina pa kurudi nyuma. Mtoto anafungua Word na kurasa tatu za intaneti inaanza kufikiria. Na hiyo eMMC huwezi kuichomoa uweke kubwa zaidi kama storeji ya kawaida.

Kwa hela hiyohiyo unapata T480 ya mtumba. Hii ilitoka mwaka 2018, inchi 14, kampuni za Ulaya na Marekani zilizinunua kwa wafanyakazi, zikakaa nazo miaka michache zikabadilisha zote kwa pamoja, ndo maana zinafika huku nyingi na zinafanana. Ile ambayo unaitaka ina prosesa ya i5-8250U au i5-8350U, yaani jenereshen ya 8, kizazi cha nane cha prosesa za Intel. Hapo kwenye namba 8 msipite haraka. Intel kabla ya hapo i5 zake za laptopu nyembamba zilikuwa na koa (vile vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili tu, kuanzia jenereshen ya 8 zikawa nne, ni tofauti unayoiona kwa macho. La pili ni kwamba Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia jenereshen ya 8. Ndo sababu sa hivi T460, T470 na EliteBook 840 G3, ambazo ni za jenereshen za kabla ya hapo, zinauzwa bei ya kutupa na muuzaji anakwambia bosi hii nimekuwekea Windows 11. Ndio, inaingia kwa nguvu, lakini Microsoft hawakuahidi chochote kwa mashine hiyo, siku masasisho yakigoma huna wa kumlalamikia. Kama mfuko hauruhusu zaidi ya hapo bora uweke Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ukae kwa amani.

Sifa ya kwanza ya T480 kwangu, na ndo iliyonifanya niandike yote haya, ni betri. Iko na betri mbili, moja ndani ya 24Wh (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba) ambayo huioni, na nyingine nyuma ya kuchomoa, hiyo ya nje zipo za 24, za 48 na za 72Wh. Ukichomoa ya nje mashine inashika ya ndani, haizimi. Umeme wa huku mnaujua wenyewe. Juzi kati kaja mzee mmoja na makubaliano ya kuuza kiwanja, mashahidi wamekaa kwenye benchi wanasubiri wasaini, niko ukurasa wa pili umeme ukaenda. Nimeendelea kutaipu mpaka betri ya nje ikawa karibu kuisha, nikafunga kifuniko, nikaigeuza, nikasukuma vile vifungio viwili vya chini, betri ikatoka mkononi, nikachomeka nyingine niliyokuwa nimeichaji usiku. Nikafungua. Maandishi yako palepale, kile kistari cha kuandikia kinapepesa baada ya jina la kijiji kama nilivyokiacha. Mzee akasogea akaniuliza, mwanangu, umetoa betri na haijazima? Nikamwonyesha, nikamwambia baba, ya pili iko ndani. Akaishika ile betri akaigeuzageuza kama anapima uzito wa samaki. Kuprinti tulisubiri jenereta ya jirani, lakini kazi haikupotea hata mstari mmoja.

Mambo mengine ni ya kawaida lakini mazuri. RAM ina nafasi mbili, zote za kuchomoa, Lenovo wanasema mpaka 32GB, kwa hiyo nunua ya 8GB leo uongeze taratibu. Kibodi yake ukitaipu siku nzima vidole havilalamiki, na imetengenezwa kuvumilia chai ikimwagika kidogo (sisemi muijaribu). Poti iko nayo kila kitu, HDMI, waya wa mtandao, kadi ya kamera, USB za kawaida mbili na USB-C mbili. Mfuniko wa chini unafunguka kwa skrubu za kawaida, vumbi la kiangazi likijaa kwenye feni fundi yeyote analipuliza. Msichanganye na T480s, ile ni nyembamba, haina betri ya nje na RAM moja imechomelewa. Herufi moja tu hiyo lakini wauzaji wengi hawakutajii.

Ubaya wake upo. Ni nene, na ukiweka betri kubwa inakuwa nzito begani. Skrini zilitoka aina tofauti, ya chini kabisa ni 1366x768, rangi zake zimepauka na ukiiangalia kwa upande huoni kitu, kwa hiyo uliza ya 1920x1080 aina ya IPS na uhakikishe mwenyewe kwenye setingi za skrini usiishie kuambiwa. Halafu poti ya USB-C ndo inayochaji, na hapo kuna jambo linajulikana dunia nzima: programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia inayoendesha hiyo poti) kwenye hizi ThinkPad za miaka hiyo ilikuwa na kasoro, poti ikawa inakufa taratibu, Lenovo wenyewe wakatoa sasisho la kurekebisha. Ukinunua, pakua hilo sasisho mapema. Na pale dukani chomeka chaja poti ya kwanza, chomoa, chomeka ya pili, angalia kama zote zinachaji na kama hazilegei, maana zimechomelewa kwenye bodi na kuzitengeneza ni hela.

Tukiwa bado dukani. Mie nanunua kwenye akedi, yale majengo ya maduka mengi, za Kampala mjini, bei ni nafuu kuliko huku, lakini ukishapanda basi la usiku ukavuka daraja la Karuma kuja huku hiyo garantii ya wiki mbili imekuwa ya maneno, nani atarudi? Kwa hiyo unamaliza kila kitu palepale, hata muuzaji akinuna. Fungua ile skrini nyeusi ya cmd, andika powercfg /batteryreport, itakuandikia faili, lifungue. Kuna namba mbili za kuangalia, ya kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na ya pili ni uwezo wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 mWh (yaani 48Wh) na ya pili ni 20,000, hiyo betri imeshakula umri wake, omba abadilishe au apunguze bei, na hapa ndo utaona mtu aliyesema bosi hii ni safi kabisa ex-UK anaanza kutafuta betri nyingine chini ya kaunta. Kwenye T480 utaona betri mbili, soma zote.

Kingine watu hawakijui na kinaumiza sana, laptopu kufungwa na kampuni iliyoimiliki. Zima, washa, ingia kwenye BIOS, yaani setingi za ndani kabla Windows haijafunguka (kitufe cha ThinkPad ni F1, HP ni F10, Dell ni F2), ikikudai paswedi usiichukue, hata akupunguzie nusu ya bei. Na kama anasema atakuwekea Windows mpya, mwambie aiweke huku umeiunganisha na hotspoti ya simu yako. Mashine ambayo bado imesajiliwa kwa kampuni ya nje ikipata intaneti wakati wa kuwekewa Windows inataja jina la kampuni na kudai akaunti ya kazini. Banange, unaweza kutumia mwaka mzima bila kujua, siku umefomati ndo inakufungia mlango na kazi zako.

Chaja nayo. Msidanganywe kwamba iliyotoka Marekani inahitaji transfoma. Soma maandishi madogo mgongoni, ikiwa imeandikwa INPUT 100-240V hapa kwetu inafanya kazi vizuri, badilisha waya tu wenye plagi ya pini tatu bapa. Kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3, na @ imebadilishana nafasi na alama za kunukuu, hiyo unazoea. Ya Ufaransa inaanza na AZERTY, kama unataipu kwa kutazama vidole itakutesa.

Kama T480 hujaipata, EliteBook 840 G5 ndo ningeenda nayo ya pili. Ni ya bati la aluminiamu, nyembamba, inapendeza ukiiweka mbele ya wateja, RAM nafasi mbili pia, ila betri ni moja ya ndani. Angalia baadhi yake zina skrini ya siri iitwayo Sure View, zile ambazo mtu wa pembeni haoni, na hata wewe uliyekaa mbele unaona kama kuna ukungu. Ya tatu Dell Latitude 7490 au 5490. Ngumu, vipuri vyake Kampala vimejaa, lakini Dell wana tabia moja, chaja yao ya pini ina kisindano cha katikati kinachoitambulisha kwa mashine, ukichomeka chaja feki isiyotambulika betri haichaji na prosesa inashushwa mwendo. Watu wanatupa Dell nzima eti imekuwa nzito kumbe ni chaja ya bei rahisi. Kwa zote hizi soma namba ya prosesa yenyewe, i5-8 na kuendelea, usitegemee jina la modeli peke yake.

Nani asinunue T480? Mtu wa kuedit video kila siku au wa magemu mazito, hii sio yake, grafiki zake ni za kazi za ofisi. Na mwanafunzi ambaye anatembea na begi kutwa nzima kutoka hosteli kwenda darasani, huyo mpeni 840 G5 au Latitude 7490, mgongo wake utashukuru. Lakini mwalimu, karani wa kanisa au msikiti, mtu wa NGO, mwenye stejonari kama mie, ambaye umeme ukienda kazi haitakiwi isimame, atafute T480 yenye i5-8350U, 8GB, SSD (storeji ya kasi) ya 256GB, na hela itakayobaki aongezee betri ya nje ya akiba ya 72Wh kabla ya kufikiria begi jipya au mausi ya taa.