Nipe Mji: Uzoefu Wangu wa Kutangaza Nyumba ya Wageni ya Lamu Kwenye Jarida la Baruapepe

Nina nyumba ndogo ya wageni Mkomani, ndani ya mji wa kale wa Lamu. Wageni wengi hutufikia kupitia mitandao mikubwa ya kuhifadhi vyumba, na kila anayekuja kwa njia hiyo amekwisha kukatiwa kamisheni kabla hajavua viatu hapo dakani, mlangoni petu. Nilitaka wageni wanaotujua sisi, wanaopiga simu hapa hapa, wanaolipa kwa M-Pesa au benki bila mtu wa kati. Ndipo niliponunua kifurushi cha matangazo katika jarida moja la safari la Kiswahili, linalotumwa kwa baruapepe kila wiki na kusomwa zaidi Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na kwa Waswahili walioko nje. Jina la jarida siliweki. Ninayotaka kuyasema ni namna ya kutangaza, na yatamfaa mtu yeyote anayefikiria kununua nafasi kama hizi, kwa mwenye jarida yeyote yule.

Bidhaa yenyewe huuzwa kwa sura kadhaa. Kuna bango la picha juu kabisa. Kuna aya ya mdhamini, inayoandikwa na mhariri mwenyewe kwa sauti ya jarida lake. Kuna vijitangazo vya mstari mmoja au miwili chini, kama vile vya magazeti ya zamani. Na kuna toleo zima linalonunuliwa na mtu mmoja, ambalo kwangu mimi ni ghali mno. Bei huhesabiwa kwa kila wasomaji elfu moja, ila majarida madogo hukutajia bei moja tu ya nafasi. Nafasi yangu ya aya ilikuwa chini ya bei ya kulala usiku mbili katika chumba chetu cha juu, na hicho ndicho kipimo nilichokitumia: wakija wageni wawili tu wa maana, pesa imerudi.

Kifurushi kilianza na bango. Sina mengi ya kulisema. Picha ya mashua na jua linalotua kila hoteli ya pwani inayo, kuanzia Vanga hadi Kiunga, na jicho la msomaji hulipita bango kama linavyoupita ukuta. Kuna na la kiufundi: programu ya Outlook ya kompyuta, inayotumiwa maofisini, kwa kawaida huzuia picha za barua za nje mpaka msomaji aziruhusu. Kwa hiyo watumishi wengi wa Nairobi, ambao ndio hasa nilikuwa nikiwataka, waliona kisanduku cheupe. Ukilazimika kutumia picha, mwambie mhariri aweke maneno ya badala nyuma yake, ya kusomeka picha isipofunguka, na yawe na jina la nyumba na mji. Nusu ya wauza matangazo hawakuambii hili.

Aya ya mdhamini ndiyo iliyonifungua macho. Majarida makubwa ya Marekani, kama Morning Brew lililoanza 2015, yalijulikana kwa namna hii: tangazo linaandikwa kwa mzaha na lafudhi ileile ya habari nyingine, ila limewekewa alama kuwa limelipiwa. Mhariri wetu alinipigia simu akanihoji kama anayetafuta habari.

"Dada, usinielezee vyumba," alisema. "Niambie mgeni akiingia huuliza nini kwanza."

Nikamwambia huuliza kuhusu zidaka. Hivi ni vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu ukutani katika nyumba za kale za Lamu, ambamo wazee walipanga sahani na bakuli za kaure zilizoletwa na majahazi kutoka mashariki. Mgeni huingia ndani, hutua begi, halafu husimama akiukodolea macho ukuta. Mhariri akaandika aya moja juu ya ukuta huo. Kitanda hakukitaja wala kiamshakinywa, na bei iliwekwa mwisho kwa maneno machache. Wiki ile tulipokea simu za watu waliokuwa tayari wameisikia nyumba, hawaulizi "mko wapi?", wanauliza "kile chumba chenye zidaka kiko wazi?" Muuzaji yeyote anajua tofauti ya maswali hayo mawili.

Lakini aya nzuri hukaa wiki moja ikasahaulika. Nafasi zangu zilikuwa bado zimebaki, na mhariri alitaka kitu kitakachoendelea. Wazo likatoka kwa mama yangu, ambaye alikuwa ananisikiliza nikizungumza kwenye simu huku akisuka ukili.

"Mwanangu, watu hao wako mbali, hawakuoni wala huwaoni?"

"Hatuonani, mama. Ni barua tu."

"Basi wategee vitendawili. Mtu asiyejua jibu hapati usingizi."

Akaongeza swali ambalo mpaka leo huchekwa nyumbani: hao watu wa barua watakuja kwa ndege au kwa mashua? Nikamjibu kwa vyote viwili, na ndiyo kweli yenyewe, maana uwanja wetu wa ndege uko kisiwa cha Manda na lazima uvuke maji. Na wanaokuja kwa barabara hushuka Mokowe, upande wa bara, wakavuka vilevile.

Basi tukaacha picha kabisa. Nafasi yetu ikawa mistari mitatu, juu ya jarida, bila rangi wala bango. Kitendawili cha kwanza kilikuwa: "Teksi ya mji wetu hainywi petroli, na ukiikasirisha hupiga teke." Chini yake: "Umeshindwa? Tupe mji. Au bofya, sisi tukupe wetu." Kila Mswahili aliyelelewa na bibi yake anajua kwamba aliyeshindwa kitendawili huambiwa "nipe mji", akatoa Mombasa, akatoa Unguja, akatoa Tanga, na mshindi hutamba amekwenda mji huo, amekula, amelakiwa. Sisi tuligeuza mchezo: anayeshindwa ndiye anayepewa mji. Kiungo kilimpeleka kwenye ukurasa wenye jibu, na ndani ya jibu mna nyumba yetu. Jibu, punda, lilikuja na picha ya punda anayepita mbele ya mlango wetu akiwa na mizigo ya mgeni, na maelezo ya namna tunavyompokea mgeni gatini. Hapo bei ikafuata, na namba ya simu.

Kitendawili cha wiki iliyofuata: "Chumba chetu kina vyumba tele ukutani, na hakuna alalaye." Majibu yaliyorudi yalinifanya niipende kazi hii. Watu walibofya kujibu barua ileile, kana kwamba wamekaa barazani na sisi. Mmoja akasema mzinga wa nyuki. Mwingine kabati la mganga. Kuna aliyejibu makaburi, ambalo si jibu la kuleta wageni, lakini lilitusomesha kwamba kitendawili lazima kiwe na mwanga kidogo. Aliyepata zidaka alikuwa ameisoma ile aya ya kwanza na kuikumbuka. Matangazo mawili yaliyopishana kwa wiki kadhaa yalikuwa yameshikana mikono kichwani mwa msomaji mmoja, na hilo bango haliwezi.

Mhariri hakunipa anwani za waliojibu, na alifanya vizuri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtu aliyejisajili kwa jarida la safari hajakubali kuandikiwa na nyumba ya wageni. Alinitumia majibu bila majina. Ukiona jarida linakuahidi orodha ya anwani kama zawadi ya kununua nafasi, toka hapo. Vilevile alishikilia kwamba neno "Tangazo" likae juu ya kitendawili kila wiki. Marekani, tume yao ya biashara, FTC, inataka tangazo lililolipiwa litambulikane wazi kuwa ni tangazo. Huyu wetu aliifanya kwa hiari yake, akisema wasomaji wake wakihisi wamefichwa kitu mara moja tu, watajiondoa wote pamoja. Nilichokiona ni kwamba neno lile halikupunguza kitu. Kitendawili ni kitendawili hata kama mtegaji amelipia nafasi.

Sasa nije kwenye yanayokera. La kwanza ni ripoti. Baada ya kila toleo hutumiwa karatasi nzuri yenye asilimia ya barua zilizofunguliwa, na asilimia hiyo huwa kubwa hadi unatabasamu. Usitabasamu sana. Tangu Septemba 2021 Apple ilianza kuzipakua mapema picha za barua kwa niaba ya watumiaji wake waliokubali ulinzi huo, na kwa kuwa ufunguzi huhesabiwa kwa kijipicha kisichoonekana, barua huandikwa "imefunguliwa" hata kama mwenyewe yuko usingizini. Mibofyo nayo si malaika. Mifumo ya usalama ya makampuni hubofya viungo yenyewe kuvikagua, kwa hiyo ukiona rundo la mibofyo dakika ileile jarida lilipotoka, jua hao hawaji Lamu. Nilipomweleza mhariri haya hakukasirika, akaniambia anayajua, lakini wanunuzi wengine hutaka kuona namba kubwa. Sawa, lakini mwenye kuuza ndiye aseme kwanza.

Mimi napima kwa njia ya kizamani. Kila kitendawili kilikuwa na neno lake la kutaja unapopiga simu, "punda" au "zidaka", na anayelitaja hupata safari fupi ya mashua kuelekea Shela bure. Kiungo cha kila wiki nacho kilikuwa na alama yake mwishoni ili nijue mgeni wa ukurasa katoka toleo gani. Namba za kiungo nilizitazama kwa jicho moja. Neno lililotajwa kwenye simu nililiandika daftarini.

La pili ni mahali. Wiki moja walituhamishia chini kabisa, kwenye toleo refu lenye mambo ya sherehe za mwisho wa mwaka, na hakuna aliyejibu. Gmail hukata barua inayozidi takriban kilobaiti 102 (huhesabiwa maandishi na misimbo yake, si uzito wa picha) na kumtaka msomaji abofye ili aone iliyobaki. Kitendawili chetu kilikuwa ng'ambo ya mkasi. Nilidai nafasi nyingine, nikapewa bila ubishi, na kwa hilo nawapa alama. Sasa huomba nitumiwe toleo la majaribio kwenye Gmail kabla halijatoka.

La tatu ni msimu, na hapa wauzaji wa Nairobi wanahitaji kufundishwa na watu wa bahari. Walinipa punguzo kubwa la nafasi za Mei. Mei huku ni mvua na kusi, bahari imechafuka, nyumba nyingi zimefungwa kwa ukarabati. Punguzo hilo lingefaa kwa muuza miavuli. Wala sitangazi kwa ajili ya Maulidi, maana wakati huo Lamu hujaa yenyewe na watu hulala hadi juu ya dari. Nafasi zenye faida kwangu ni za Agosti na Septemba, pale familia za Nairobi zinapoanza kuipanga Desemba, kaskazi ikiwa bado haijaingia lakini watoto wameshaanza kuuliza. Walioko Ulaya huamua mapema zaidi kwa sababu ya tiketi.

Je, ilirudisha pesa? Bango halikurudisha. Aya na vitendawili vilirudisha na kuzidi, na baadhi ya waliokuja walikuwa wa aina ninayoitaka: wanakaa siku nyingi, wanauliza habari za mji, wanabishana na mama vitendawili hadi usiku. Ila sidhani njia hii inamfaa kila mtu. Mwenye duka la vipuri vya injini za mashua hapa Langoni hana sababu ya kumtegea kitendawili mtu wa Eldoret. Mwenye bidhaa inayohitaji kuaminiwa kabla ya kununuliwa, na yenye hadithi ndani yake, kama mchonga milango, msusi wa mikeka, mwenye nyumba au mwenye mashua ya safari, huyo atapata hapa nafasi ambayo redio na mabango ya barabarani hayampi.

Kabla ya kulipa, muulize mhariri kama barua zake zinatimiza masharti ambayo Gmail na Yahoo waliyaanza Februari 2024 kwa watumaji wa barua nyingi: uthibitisho wa mtumaji, njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya barua taka yasiyofika asilimia 0.3. Akikutolea macho, tangazo lako litaishia kwenye barua taka hata liwe tamu vipi. Muulize pia kama ataandika mwenyewe au atabandika utakachompa. Asiyekubali kuligusa tangazo lako kwa mkono wake anakuuzia nafasi tupu, na hiyo hailipwi bei ya aya.

Alama zangu: bango, moja kati ya tano. Aya ya mhariri, nne. Vitendawili, nne na nusu. Nusu iliyobaki nimeikata kwa sababu ya lile toleo lililokatwa. Nafasi za Agosti nimeshaziagiza, na kitendawili cha kwanza kitahusu mashua. Mama anasema ni rahisi mno, hatutapata wa kumpa mji.