Wallace: anza na kitabu cha safari, insha baadaye

Nimemaliza The Malay Archipelago, kitabu cha safari katika visiwa vya Indonesia na Malaysia ya leo, cha Alfred Russel Wallace, mwanasayansi wa viumbe wa Uingereza, kilichotoka mwaka 1869, na usiku wote niliokesha nacho haukupotea bure. Zamani nilianza na insha yake ya kisiwa cha Ternate, ile aliyompelekea mwanasayansi mwenzake Charles Darwin mwaka 1858 kueleza uteuzi asilia, yaani jinsi viumbe wanaofaa mazingira yao wanavyoishi na kuzaa zaidi ya wengine, na hivyo aina zikabadilika polepole. Nikaiachia njiani, ilikuwa kavu mno. Mara hii nimesoma safari kwanza, kisha nikairudia insha, na mambo yakafunguka.

Yamefunguka kwa sababu unamwona akitembea kuelekea kwenye wazo lile. Miaka 8 anazunguka visiwani na kukusanya sampuli 125,660, nyingi zikiwa mbawakawa na vipepeo. Anavuka kutoka Bali hadi Lombok, mlango-bahari wa maili 15 hivi tu, na ndege wanabadilika: ng'ambo anakuta kasuku weupe wenye vishungi, ambao Bali hakuwaona. Ukishavuka naye hapo, swali la kwa nini linakuganda.

Lakini ukurasa ulionishika zaidi ni wa kitoto cha orangutani, nyani mkubwa asiye na mkia, kule Sarawak kisiwani Borneo. Mama yake amepigwa risasi na Wallace mwenyewe. Kitoto kinamshika ndevu, anahangaika kujinasua. Maziwa hakuna, hivyo anakinywesha maji ya mchele kwa chupa. Anakitengenezea "mama" wa ngozi ya nyati. Kinajaribu kunyonya, kinaambulia manyoya kinywani. Miezi mitatu hivi baadaye kinakufa. Nilifunga kitabu, sikusoma tena usiku ule.

Yapo yaliyonichoma. Anawaita watu wa visiwani washenzi bila kusita, ijapokuwa mwishoni anawageukia Waingereza wenzake na kuukosoa vikali ustaarabu wao. Halafu kuna Ali, kijana wa Sarawak aliyempikia na kumwindia kwa miaka. Ndege wa peponi wa aina iliyopewa jina la Wallace alipigwa risasi na Ali, kisiwani Bacan, mwaka 1858. Nilitamani kurasa nyingi zaidi juu yake.

Ramani za nakala yangu zimechapwa hafifu, nikalazimika kusoma huku simu iko mkononi. Kama fedha ni shida, hakimiliki ilishakwisha na kitabu kinapatikana bure kwenye intaneti. Kiingereza chake ni chepesi.

Sasa nimeshika kile cha Amazon cha 1853, alichokiandika baada ya meli kumuungulia baharini na sehemu kubwa ya makusanyo yake kuteketea.