Dawa ya kuoshea injini: nimeitumia mara mbili kwenye Toyota IST yangu, hapa Dodoma

Chupa yenyewe ni ya nusu lita, ya kupulizia. Niliinunua duka la spea mjini kwa shilingi 9,000. Muuzaji aliiita digrisa, kijana wake akaiita sabuni ya injini, na nyuma ya chupa imeandikwa kwamba msingi wake ni maji na haishiki moto. Hilo la kutoshika moto ndilo lililonitoa hela. Jirani yangu huosha injini kwa mafuta ya taa na nyusi zake bado anazo, ila mimi sina bahati ya aina hiyo. Tena mafuta ya taa yakizoea kukaa kwenye mipira ya rejeta na mkanda wa fani, mpira unavimba na kulegea, kisha unanunua vipya.

Kilichonisukuma ni harufu. Jioni nikitoka Mtumba, kule Mji wa Serikali, kila nikisimama kwenye foleni, harufu ya oili inayoungua inapenya ndani ya gari. Nikaenda kwa fundi wangu. Akafungua boneti, akainama, akaifunga.

"Dada, hii siyo injini, hiki ni kichuguu. Nenda kaioshe kwanza, ndiyo urudi nikuoneshe inapovujia."

Alikuwa sahihi. Ukikaa Dodoma miaka minne, na barabara yenu ya mtaani haijawahi kuonja lami, na likizo zote unakwenda Mpwapwa kwa wakwe, oili kidogo inayovuja inanasa vumbi, vumbi linanasa vumbi jingine, mwisho inakuwa ganda kama la ugali uliokaukia sufuriani. Mashine ya presha kwenye kuoshea magari niliikataa. Nguvu ile inasukuma maji ndani ya soketi za waya hata zile zenye raba ya kuzuia, na soketi ikianza kuota kutu ndani, gari linakusumbua miezi kadhaa baadaye, wakati huo kuosha umeshakusahau.

Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, na hapo dawa haina kosa.

Kwanza niliipuliza juu ya vumbi. Vumbi likawa tope, tope likateremka kwenye kila pembe, na nusu ya chupa ikaisha kabla dawa haijaigusa oili. Pili, nilifungua terminali ya hasi ya betri kwa spana namba 10 kama nilivyoona video zote zinaelekeza. Ushauri wenyewe si mbaya, ila kama gari lako limeingia nchini na redio yake ya Kijapani yenye ramani, fikiria mara mbili. Yangu, umeme uliporudi, iliwaka na maandishi ya Kijapani ikidai kadi ya ramani ambayo sijawahi kuiona tangu nilinunue gari. Tangu siku hiyo nasikiliza taarifa ya habari kwenye simu.

Tatu, na hili ndilo lililoniaibisha, nilisuuza kwa mpira wa maji juu ya injini yote. IST yangu ina injini ya 1NZ, na kwenye hizi kila plagi imekaa chini ya kishimo kirefu, koili yake, ile inayoipa umeme, imesimama juu. Maji yakiingia pale hayana pa kutokea. Gari liliwaka vizuri nyumbani. Nilipofika eneo la Nanenane likaanza kumisi, linatetemeka kama punda aliyekataa mzigo, na taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa. Taa hiyo ikipepesa usiendelee kuendesha, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosti na kuharibu kichujio chake cha moshi, ambacho bei yake ni kilio. Nikaegesha, nikampigia fundi.

Akaja akicheka. "Umeikogesha?" Akafungua koili zote nne kwa spana ileile namba 10. Ya pili ilitoka inachuruzika, na kishimoni mle maji yalikuwa kama kijiko kikubwa kimoja. Akafyonza kwa kitambaa alichokizungushia bisibisi, akakausha koili kwa kuifuta na kuianika kwenye boneti, jua la saa sita likamalizia. Shilingi 10,000 pamoja na nauli ya bodaboda. Injini ikatulia.

Lakini faida ilionekana kesho yake. Kwenye chuma kilichotakata, nyuma kabisa upande wa dereva, mstari mbichi wa oili ulikuwa unateremka kutoka kwenye mfuniko wa tapeti, ule wa juu ya injini, hadi kwenye manifodi ya ekzosti, pale moshi unapotokea injini na chuma kinapowaka moto. Harufu yote ile ilikuwa gasketi ya mfuniko huo iliyokauka ikawa ngumu kama kigae. Tukabadilisha.

Mara ya pili niliosha ili niondoe oili ya zamani iliyobaki, na safari hii nilijipanga. Nilianza saa moja asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka, maana ukiosha alasiri mwezi wa saba, vumbi linakuja kukaa juu ya chuma kibichi na umefanya kazi bure. Injini ikiwa baridi kabisa niliichambua kavu, kwa brashi ya kupakia rangi na mswaki wa zamani. Nikatoa majani, manyoya ya kuku, na kiota cha panya kilichoanzwa pembeni ya betri. Nusu saa hiyo ya ukavu iliondoa, kwa macho yangu, zaidi ya nusu ya uchafu wote, bila tone la dawa.

Kisha kufunika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo mimi hutunza nailoni za mikate. Moja kwenye altaneta inayochaji betri, moja kwenye boksi la fyuzi, moja kubwa mdomoni mwa eakilina inayochuja hewa ya injini, na safu ya koili nikaiziba kwa nailoni na kitambaa juu yake. Betri sikuifungua tena. Niliifunika, ufunguo nikauacha ndani ya nyumba ili mwanangu asijaribu kuwasha. Hakikisha pia kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia oili vimekaa sawasawa.

Niliwasha dakika tatu tu kabla ya kufunika, chuma kikawa vuguvugu. Vuguvugu inasaidia dawa kulainisha oili. Moto hapana: dawa inakauka kabla ya kufanya kazi na kuacha madoa meupe kwenye alumini, na maji baridi kwenye manifodi iliyokolea moto yanaweza kuipasua.

Nikapuliza kwenye oili peke yake, nikasubiri dakika nne, nikasugua. Hapa ndipo niliiheshimu. Ganda lililokataa mswaki mkavu liliachia likawa uji mweusi, na namba zilizochongwa kwenye bloku zikasomeka kwa mara ya kwanza. Kusuuza nilitumia chupa ya maji niliyoitoboa kifunikoni na kitambaa kibichi. Ndoo moja ya lita 20 ilitosha na ikabaki, jambo kubwa mtaani kwetu ambako maji hayatoki kila siku. Chini nilitandaza maboksi na maranda ya seremala yanyonye ule uji. Karibu na hapo nina mchicha, na oili mchichani sitaki.

Kasoro zake zipo. Harufu ni kali, na bila glavu vidole vilikauka vikapasuka pembeni ya kucha kwa wiki nzima. Kichwa cha kupulizia kinavujia mkononi. Kwenye plastiki haifanyi kazi yoyote ambayo kitambaa chenye sabuni ya vyombo hakifanyi. Na kwa gari la Dodoma ambalo halivuji, sioni sababu ya kuinunua, brashi kavu inatosha. Muuzaji alitaka kuniongezea na ile dawa ya kung'arisha. Nilikataa, ina mafuta, na mafuta kwenye vumbi hili ni kurudi kwenye kichuguu. Hiyo waachie wanaouza magari. Ukiona injini ya gari la mtumba inang'aa kama kiatu cha harusi, liendeshe wiki nzima kama watakuruhusu, kisha chungulia upya.

Kwa mimi, chupa imebaki robo na nitanunua nyingine. Jumapili nilifungua boneti nikapitisha kidole nyuma ya mfuniko wa tapeti. Kilitoka na vumbi kavu.