Madabodi na RAM: kabla ya kutoa pesa, tafuta kitufe cha BIOS

Kwa siku kumi na moja kompyuta yangu ilizungusha feni na kuniachia skrini nyeusi. Nilikuwa nimepanda teksi asubuhi kutoka Jinja hadi Kampala, nikanunua madabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote vya kompyuta) ya B450, prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600 na RAM ya GB 16, vyote vipya kwenye maboksi yake. Usiku nikafunga kila kitu juu ya meza ya chakula, nikabonyeza swichi. Taa zikawaka, feni zikazunguka, skrini kimya. Nikabadilisha kebo. Nikachomoa RAM nikairudisha. Nikaazima skrini ya jirani. Hali ileile.

Nikarudi dukani. Muuzaji hata boksi hakulifungua. Alinionyesha maandishi chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akaniambia prosesa nimeiunguza mwenyewe kwa umeme wa nyumbani. Fundi ambaye muuzaji alinielekeza kwake akataka elfu hamsini ya kuipima. Aliishika, akaigeuza, hakuichomeka popote, akasema nikanunue nyingine. Nililia ndani ya teksi kuanzia Mukono hadi tunaingia msitu wa Mabira, kwa sababu pesa ile nilikuwa nimeiweka akiba kwa miezi minane.

Prosesa ilikuwa nzima. Na madabodi ilikuwa nzima. Shida ilikuwa BIOS ya zamani, na tangu nilipoeleza kisa hiki kwa watu nimepata ujumbe kutoka Mbale, Arua na Masaka, wote skrini nyeusi, na karibu wote waliambiwa prosesa imekufa. Ndiyo maana mwongozo huu hautaanza na kasi wala rangi za taa. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa.

BIOS ni programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya madabodi yenyewe. Ndiyo inayoamka kwanza, inaitambua prosesa, inahesabu RAM, kisha inaiachia Windows kazi. Sasa BIOS iliyoandikwa 2019 haiwezi kuijua prosesa iliyotoka 2022. Soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, ni ileile ya AM4, prosesa inaingia vizuri, inafungwa, inapata umeme, lakini BIOS haimjui huyu mgeni. Bodi za B450 zilitoka 2018. Uwezo wa kupokea Ryzen 5000, mfululizo wa ile 5600 yangu, ulikuja na BIOS mpya za mwanzoni mwa 2021. Boksi langu lilikuwa na stika ndogo pembeni iliyoandikwa "AMD Ryzen 3000 Desktop Ready". Niliiona pale dukani nikadhani ni tangazo. Kumbe ndiyo iliyokuwa inanipa habari yote: bodi hii ilitoka kiwandani ikizijua prosesa hadi mfululizo wa 3000, basi.

Sisi wa huku tunaumizwa zaidi na jambo hili kwa sababu bidhaa zinakaa sana rafuni. Bodi inasafiri kwa meli hadi Mombasa, inapanda lori hadi Malaba, inafika Kampala na inaweza kukaa miaka ikisubiri mteja. Vumbi unaweza kulifuta. BIOS iliyomo ndani inabaki na umri wake.

Aliyeniokoa ni mtoto wa kaka yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Kyambogo. Alikuja Jumamosi na Ryzen 5 2600 aliyoitoa kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaniambia, "Shangazi, hiyo haijafa, haijasasishwa tu." Nilimtazama alivyofanya kazi. Kwanza alikizungusha kipoza joto kushoto na kulia polepole kabla ya kukivuta, kwa sababu kwenye AM4 ile pesti ya joto hushika, na ukikivuta kwa nguvu kinang'oka pamoja na prosesa ikiwa bado imefungwa kwenye soketi, na miguu yake 1331 inapinda. Tukaangalia yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zimebaki ngapi, maana umeme ukikatika BIOS ikiwa imeandikwa nusu, bodi inaweza kufa kabisa. Akaifunga ile 2600, ambayo BIOS ya zamani inaijua, tukasasisha kwa flashi, tukairudisha ile 5600. Picha ikaja.

Si kila mtu ana mtoto wa kaka mwenye prosesa ya zamani. Na kwenye B550, bodi zilizofuata B450, hata hiyo 2600 isingesaidia, kwa kuwa B550 haizikubali rasmi Ryzen 1000 wala 2000. Ungehitaji kuazima Ryzen 3000. Ndipo linapokuja jambo moja ninalotaka ulikague kabla ya yote: kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. MSI wanakiita Flash BIOS Button, ASUS wanaita BIOS FlashBack, Gigabyte wanaita Q-Flash Plus. Unapakua faili la BIOS kwenye tovuti ya kampuni, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unalibadilisha jina (kwa MSI linaitwa MSI.ROM, kwa Gigabyte GIGABYTE.bin), unachomeka flashi kwenye tundu la USB lililowekewa alama, unaunganisha pawa saplai kwenye bodi, unabonyeza. Taa ndogo inapepesa kwa dakika kadhaa, kisha inazimika. Bodi haihitaji prosesa wala RAM kwa kazi hiyo. Na umeme ukikatika katikati, kwa kawaida unaweza kuanza upya, jambo ambalo ukisasisha kwa njia ya kawaida huna uhakika nalo. Kwa nchi ambayo umeme unaweza kupotea saa mbili usiku bila taarifa, kwangu kitufe hiki kinashinda feni zote za rangi.

Tahadhari moja kwa walio wengi. Kompyuta nyingi za mezani majumbani kwetu ni zile zilizotumika maofisini nje ya nchi, Dell OptiPlex na HP ProDesk. Madabodi mpya ya kawaida haiingii humo. Matundu ya skrubu ni tofauti, na pawa saplai zake nyingi zina plagi ya kampuni hiyo badala ya ile ya pini 24. Ukianzia hapo, weka bajeti ya kasha na pawa saplai pia, au ongeza RAM na SSD (diski ya kasi) tu kwenye uliyonayo.

Sasa nipange.

Ya kwanza kwangu ni MSI B550M PRO-VDH WIFI pamoja na RAM ya DDR4-3200 (DDR4 ni kizazi chake, 3200 ni kasi yake), vipande viwili vya GB 8, au viwili vya GB 16 kama unahariri video. Ninapenda MSI na sifichi. Kitufe wamekiweka nyuma ya kasha, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua skrubu hata moja, na wamekiweka kwenye bodi ya bei ya kati badala ya kuwaachia matajiri peke yao. Kuna nafasi nne za RAM, kwa hiyo unaweza kuanza na mbili na kuongeza baadaye. Nyuma kuna VGA, HDMI na DisplayPort, na wenye skrini za zamani wanajua VGA ilivyo muhimu. Ukiweka Ryzen 5 5600G, yenye uwezo wa picha ndani yake, huhitaji kadi ya picha. Ukichukua 5600 bila G, lazima uwe na kadi, vinginevyo utapata skrini nyeusi ya aina nyingine na utanilaumu mimi.

Ya pili ni MSI PRO B650M-A WIFI, ya soketi ya AM5 iliyofuata AM4, na DDR5-6000 vipande viwili vya GB 16. Kama una pesa na unataka kukaa na bodi moja miaka mingi, anza hapa, kwa kuwa AMD imesema itaendelea kuitumia AM5 hadi 2027 na kuendelea. Kitufe kipo. B650 ilitoka Oktoba 2022 na Ryzen 9000 zikaja Agosti 2024, kwa hiyo tatizo langu la B450 linajirudia hapa hivihivi. Kuna mambo mawili ya kujua. Kwenye AM5 pini ziko kwenye soketi ya bodi, kwa hiyo mwombe muuzaji afungue kifuniko mbele yako, chukua tochi ya simu, tazama pini kwa pembeni. Zikiwa sawa zinang'aa kwa mistari iliyonyooka. Moja ikipinda utaona doa linalokatiza mstari. La pili, ukiiwasha mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi ikiipima RAM. Subiri. Usiizime. Kuna dada wa Mbale aliyeizima mara sita.

Ya tatu, Gigabyte B550M DS3H. Ina Q-Flash Plus, ina nafasi nne za RAM, na mara nyingi inapatikana pale MSI imeisha. Kitufe chake kiko juu ya bodi ndani ya kasha, ndiyo sababu iko ya tatu.

Ya nne ni kwa wapenzi wa Intel: bodi ya H610 au B660 ya DDR4 na prosesa ya kizazi cha 12, kama i3-12100 au i5-12400. Hapa unaweza kulala bila wasiwasi wa BIOS, kwa sababu bodi za mfululizo wa 600 zilizaliwa na kizazi cha 12. Wasiwasi unaanza ukichukua B660 na prosesa ya kizazi cha 13 au 14. Ujue pia kwamba H610 ina nafasi mbili tu za RAM, na kwamba bodi hizi za Intel ziko za DDR4 na za DDR5. Vipande vyote vina pini 288 lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja. Usilazimishe.

Za bei ya chini, A520 inatosha kwa barua na masomo ya watoto, ukihakikisha boksi lina stika ya Ryzen 5000. Zile bodi za Kichina za X79 na X99 zinazouzwa na prosesa za seva zilizotumika, sizipendekezi kwa mtu anayeinunua kompyuta moja ya nyumba nzima.

Kuhusu RAM nitasema machache. Nunua vipande viwili vinavyofanana vilivyofungwa pamoja, uviweke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kipande kimoja cha GB 16 kinafanya kazi kwa njia moja tu ya mawasiliano, na kwa 5600G ambayo picha yake inategemea RAM, utauona uzito huo kwenye kila mchezo. Ukishawasha, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kufikia kasi yake, la sivyo RAM uliyoilipia 3200 itakimbia 2133 au 2400 maisha yake yote. Kwenye DDR5 usijaze nafasi zote nne: kwa Ryzen 7000, AMD inaahidi 5200 kwa vipande viwili na 3600 tu kwa vinne. Na RAM ya seva, ile iliyoandikwa Registered, haiwaki kwenye bodi za nyumbani. Inauzwa rahisi kwa sababu hiyo, na wapo wanaouziwa bila kuambiwa.

Bei ndiyo inayoniuma sasa. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda duniani kote kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron wanaelekeza viwanda kwenye kumbukumbu za mashine za akili bandia. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo wengi wetu tulilitegemea kwa RAM ya bei ya haki. Hilo ninalielewa. Nisilolielewa ni kipande kilekile nilichokiona rafuni mwezi uliotangulia, chenye alama ileile ya kalamu kwenye plastiki, kupandishiwa bei karibu mara mbili na kuambiwa "mzigo mpya, madamu". Mzigo haukuwa mpya. Muuzaji, kama umenunua kwa bei ya zamani, niuzie kwa faida ya kawaida na mimi nitarudi kwako miaka kumi.

Wauzaji wananijibu kwamba VAT ni asilimia 18 na kodi ya duka haingoji. Sawa. Basi nipe risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, inayoonyesha hiyo asilimia 18, iandike jina kamili la bodi na namba yake, badala ya karatasi ya mkono iliyoandikwa "motherboard 1". Karatasi ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa nayo mkononi siku niliporudi kulalamika, na hapakuwa na hata neno moja la kuthibitisha kwamba bodi ile ilitoka kwake.

Siku hizi nikienda Kampala nabeba flashi yenye MSI.ROM tayari. Namwambia muuzaji kabla ya kulipa: tuiunganishe hii bodi na pawa saplai yako hapa kaunta, tubonyeze, tusubiri taa izimike. Wawili walikataa, na kwao sikununua. Wa tatu, kijana wa ghorofa ya pili, alivuta kiti akanikaribisha nikae, akachomeka flashi mwenyewe, tukakaa tukiitazama taa ikipepesa.