Kliniki nzuri, dirisha la hovyo: tiba ya hofu ya watu hapa Mbeya

Nianze na dirisha la mapokezi, maana anayekwama hapo hiyo tiba ataisikia kwa wenzake tu. Hospitali siitaji. Ni ya hapa Mbeya mjini, na kipindi kile cha baridi ndipo iliponichefua.

Kioo kina katundu kadogo, chini, hadi uiname. Foleni imekubana mgongoni. Dada wa ndani haangalii mtu, anaangalia kompyuta: "Ongea kwa sauti, mama, unaumwa nini?" Ukijibu kwa chini anakurudishia kwa sauti ya kusikika hadi maabara: "Ahaa, kule kwa wa akili! Umekuja na nani? Mumeo yuko wapi?" Foleni nzima inageuza shingo.

Sasa anayeulizwa anaumwa nini? Anaumwa hofu ya kutazamwa na kupimwa na watu. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, sauti inakatika, na si siku ya usaili tu. Ni miezi sita na kuendelea, hadi anaacha kwenda kikoba, anaacha kudai chenji kwa konda. Halafu unamtaka ajieleze mbele ya foleni ndipo atibiwe! Ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu apande ghorofani kufuata magongo.

Hilo la mume ndilo lililonichoma zaidi. Mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake hahitaji ruhusa ya mume ili aonane na daktari. Aliyetoka Chunya au Kyela akiambiwa "rudi na ndugu", harudi. Na nyumbani hakuna atakayemhimiza, kwa sababu kwetu mwanamke asiyeongea anasifiwa: binti ametulia, ana adabu. Mvulana akishindwa kusema mbele za watu, ukoo mzima unaitana. Sishangai kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kidogo, lakini ukihesabu waliofika kliniki, pengo hilo linafutika, pengine wanaume ndio wengi.

Nyota moja nilikuwa nimeshaipanga. Bahati mbaya kwa hasira zangu, ndani wanajua kazi.

Nesi wa afya ya akili alifunga mlango, akavuta kiti pembeni badala ya kukaa ng'ambo ya meza, akaanza na maswali ya ndiyo na hapana. Hakusema "jiamini", neno lisilotibu kitu. Alipanga ngazi: ya chini, kuuliza bei ya nyanya Mwanjelwa bila kununua, juu yake, kusema "shusha" kwenye daladala, kisha kuuliza swali moja kikobani, kutoa neno kwenye kichen pati kunakaa juu kabisa. Kabla ya kila ngazi unaandika unachoogopa kitatokea ("watanicheka"), ukirudi unaandika kilichotokea kweli. Unarudia ngazi ileile mpaka hofu ipungue, ndipo unapanda.

Tena akagusa wanapopasahau wengi: kinga za siri. Kanga mdomoni, simu mkononi, kukariri sentensi kabla ya kuisema. Ukienda nazo unarudi ukiamini kanga ndiyo iliyokuokoa, na hofu inabaki palepale. Macho na masikio yawe kwa muuza nyanya, siyo kwenye mapigo ya moyo wako. Kinachoharibu zaidi ni shangazi anayemsukuma binti moja kwa moja kwenye maikrofoni. Akikimbia katikati, hofu imepata ushahidi. Tiba kamili kwa kawaida ni vikao 12 hadi 16, kimoja kwa wiki.

Dawa zilielezwa vizuri pia. Sertraline au fluoxetine hunywewa mara moja kwa siku, na hazitulizi siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza kunaweza kuwa na kichefuchefu na wahaka ukaongezeka, na wengi huziacha hapo; nafuu huja polepole, pengine hadi wiki 12. Ukishapona unaendelea angalau miezi sita, kisha unapunguza taratibu, hukati ghafla. Mjamzito au anayepanga mimba aseme mapema, ili ichaguliwe dawa inayomfaa. Diazepam ya duka la dawa inatuliza upesi, lakini mwili unaweza kuizoea ndani ya wiki chache. Propranolol ni ya kupunguza mtetemo kabla ya hotuba, na mwenye pumu asiiguse.

Kwa hayo nilipanda hadi nyota nne. Nikashuka hapohapo, maana kadi ya kurudi inakupeleka wapi? Dirishani! Kila kikao swali lilelile, kwa sauti ileile. Nani atafikisha 12?

Mnaokwenda, andikeni kikaratasi nyumbani: "Kliniki ya afya ya akili, mara ya kwanza, naomba nisitangazwe." Kipitisheni tunduni pamoja na kadi ya bima. Ndiyo, nacho ni kinga ya siri na nesi atakinunia, lakini ataanza kukinunia mkiwa mmeshaingia. Dada wa dirishani akiuliza mumeo yuko wapi, jibu ni "nimekuja mwenyewe", kisha nyamaza, asubiri yeye.

Nyota mbili na nusu. Ya tatu nitaiongeza wakimpangia yule dada kazi ya stoo.